Watu Wanane Walioridhika

Majira ya baridi yale niliteleza kwenye barafu nje ya stesheni ya treni ya Spånga, huku ugenini, nikavunjika mkono wa kulia. Mimi ni fundi cherehani. Kwa wiki saba nguo za watu zilining'inia dukani, na mwenzangu, mama wa Bukavu niliyekodi naye chumba cha duka, hakuweza kuzimaliza peke yake. Wateja wengine walivumilia. Wengine walichukua nguo zao, wakaenda kuandika mtandaoni jinsi tulivyowaangusha.

Nilipopona nikakuta watu wamepungua. Mtu alisimama mlangoni, akatazama simu yake, akaenda zake. Watu kumi walikuwa wametupa alama, na wastani wetu ulikuwa nyota tatu nukta mbili kati ya tano. Mwenzangu alianza kusema afadhali tufunge, yeye arudi kwenye kazi ya usafi mjini Södertälje.

Wakati huo nilikuwa nasoma shule ya watu wazima, asubuhi mbili kwa wiki, hesabu nilizoziacha Bujumbura nikiwa msichana. Tulikuwa tumefika kwenye aljebra. Mwalimu alitufundisha kwamba kitu usichokijua ukipe herufi, kisha uendelee na kazi kana kwamba unakijua. Basi siku moja, duka likiwa tupu, nikachukua karatasi ya kukatia nguo. Watu kumi kwa tatu nukta mbili ni nyota thelathini na mbili. Wateja watakaotupa nyota tano, ambao idadi yao sikuijua, nikawaita x. Nilitaka wastani wa nne. Kwa hiyo thelathini na mbili kujumlisha tano x zilipaswa kulingana na nne mara jumla ya kumi na x, yaani arobaini kujumlisha nne x. Nikatoa nne x kila upande, nikatoa na thelathini na mbili. Ikabaki x ni nane.

Nilirudia, maana sikuamini. Miezi yote ile nilijiona nimezama, kumbe walihitajika watu wanane walioridhika.

Mwenzangu alipoelewa, akacheka kwa furaha. "Dada, nane tu? Kanisani tuko zaidi ya sitini. Jumapili moja tunamaliza."

Sitaficha, nilitamani. Nililifikiria siku nzima. Kesho yake nikamwambia, "Hao hawajatuletea hata kifungo. Tutafute wanane wa kweli."

Alinuna kidogo, lakini alikubali. Tukaanza kumwomba kila mteja aliyetoka akitabasamu atuandikie. Niliona haya mwanzoni. Hadi barafu inayeyuka tulikuwa tumepata watu watatu wa nyota tano. Bado watano.

Kisha nikawasoma tena waliotupa nyota moja. Mmoja alikuwa mwanamke aliyeleta koti jeusi apunguziwe mikono, alivae kwenye mazishi ya mama yake. Nilimwahidi Alhamisi. Jumanne nikaanguka, na sikumpigia simu. Namba yake ilikuwa bado kwenye daftari. Nakiri kwamba ni hesabu iliyonifikisha kwake, ila nilipopiga sikutaja nyota. Nilimwomba radhi kwa Kiswidi changu cha kuungaunga, nikamweleza habari za mkono.

"Koti ningeliazima kwa mtu," akasema. "Nilitaka tu kuambiwa."

Wiki iliyofuata alikuja na gauni la marehemu mama yake, akitaka limkae yeye. Nililifumua taratibu, nikalishona kwa mkono, na nilikataa malipo. Alipolijaribu mbele ya kioo alilia kidogo, nami nikatazama pembeni. Siku chache baadaye nyota yake moja ikawa nne. Nikakaa na karatasi tena. Yeye peke yake alikuwa ametuongezea nyota tatu bila kuongeza idadi ya watu, na x ikashuka kutoka tano hadi mbili.

Hao wawili walipatikana mwezi wa tano, wazazi walipoleta magauni meupe ambayo huku huvaliwa na mabinti wanaomaliza sekondari. Simu ikaonyesha nne kamili, na foleni ikafika mlangoni.

Mwenzangu hakushangilia. Alivuta kiti, akaniomba kalamu.

"Nionyeshe pa kuanzia," akasema. "Nataka kujua nne na nusu ni watu wangapi."

Alikosea mara mbili kwenye nusu zile, akakataa nimsaidie. Mara ya tatu akapata kumi na tano, akanisukumia karatasi niikague. Ilikuwa sawa.