Kikohozi cha Fundi Makochi

Miezi minane mume wangu alikohoa, na miezi minane mimi sikuona raha. Alikuwa fundi makochi maisha yake yote, basi kila mtu akajifanya daktari. Wifi akasema ni vumbi la sponji. Shemeji akasema ni moyo. Picha ya kifua ikatoka safi, makohozi yakapimwa, hamna kitu. Dawa yake ya presha ikabadilishwa, eti huenda ndiyo inayomkohoza. Wapi! Kho, kho, kikavu, kama pikipiki inayogoma kuwaka. Nikamwambia asubuhi, mchana na jioni: vaa sweta, kaa wima, acha maji baridi. Ananitazama tu, anatikisa kichwa, anakohoa.

Juzi hospitalini nesi mmoja akamchungulia sikioni. Akavuta taratibu kipande cha sponji ya manjano kilichogandamana na nta. Akasema sikioni kuna mshipa wa fahamu ambao ukisumbuliwa mtu hukohoa, ingawa ni nadra.

Nikawaka. "Mzee! Umenitesa hivi kwa ajili ya sponji?"

Nikamweleza nesi mimi mwenyewe: karakana yetu ilipakana na wachomelea vyuma, kwa hiyo kazini alizoea kuziba masikio kwa sponji.

"Karakana mlifunga lini?" nesi akauliza.

"Mwaka wa pili sasa. Siku hizi anashinda nyumbani, tuko wawili tu. Kelele zitoke wapi?"

Nesi akainamisha kichwa, akaandika. Mume wangu akatazama dari.

Njia nzima ya kurudi hakukohoa hata mara moja, nami sikusema neno.