Kambi Niliyomchagulia Mama

Mwanangu Neema, tangu uliponitumia picha za kambi tatu za mapumziko ukitaka nikuchagulie moja, sijazifungua tena. Kila nikishika simu nakumbuka Jumamosi moja ya Agosti, mama yangu ameketi kwenye kiti cha kukunja katikati ya milima ya Wales, mvua inamnyeshea, nami niko ndani ya gari pakavu nikikoroga mchuzi. Nimeona afadhali nikuandikie. Nitaandika kwa Kiswahili, wewe utanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yako, na tutaelewana.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mimi na baba yako tulikuwa tumepanga nyumba Handsworth, Birmingham, mimi nikiwa nesi wa zamu, yeye akifanya kazi kiwandani. Wewe ulikuwa tumboni, mimba ya miezi minne, na ni wewe uliyemleta nyanya yako kutoka Vihiga, Kenya. Alikuja kwa miezi miwili. Sote tulijua pengine hatarudi tena, maana magoti yalikuwa yameanza kumsumbua na ndege hakuipenda hata kidogo.

Kuna jambo sikuwahi kukueleza vizuri, na hilo ni kosa langu. Kwetu Maragoli mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hawapeani mikono, hawakai kochi moja, na mama mkwe hawezi kwenda kuoga huku mkwe amekaa karibu anasikia maji yakimwagika. Wewe uliyekulia Birmingham unaweza kudhani walichukiana. Walipendana sana, mwanangu, kwa umbali wao huo huo. Ndiyo sababu nyanya yako hakulala kwetu hata siku moja. Alilala kwa Mama Espérance, mjane Mkongomani wa kanisani kwetu, mitaa miwili kutoka mlangoni petu, na kila asubuhi baba yako akishaenda kazini nilimfuata tukashinde pamoja.

Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Nyanya yako alikuwa amechoka kuona matofali. "Beatrice," aliniuliza siku moja tukipita Soho Road, "hii England yenu haina mlima?" Nikamwahidi milima. Baba yako akapata gari la kukodi kule Saltley, lile lenye vitanda na jiko, meza inayokunjuka ikawa kitanda, na choo kidogo nyuma chenye mlango mwembamba kama kadibodi. Kazi ya kuchagua kambi ikawa yangu.

Niliazima kitabu cha kambi maktaba, nikakisoma nikiwa kwenye basi, nikakisoma wakati wa mapumziko wodini, hadi nikabaki na kambi mbili. Ya kwanza ilikuwa bondeni, kando ya barabara kuu. Uwanja tambarare, vyoo na mabafu ya pamoja, wanawake huku na wanaume kule, na vibanda vichache vya mbao vya kukodi kwa wasiotaka kulala garini. Picha waliyoiweka ilionyesha pipa la taka. Ya pili ilikuwa juu kabisa, kwenye shamba la kondoo. Magari matano tu, hema hairuhusiwi, hakuna bafu wala choo, kila mtu ajitegemee na gari lake. Lakini hiyo picha! Mlima ulikuwa umejaza dirisha zima la gari. Nilipiga simu siku hiyo hiyo.

Nikwambie ukweli, nilikuwa na tamaa yangu. Nyumbani kulikuwa na watu waliosema Beatrice alikwenda Ulaya kuosha wazee. Nilitaka mama arudi awasimulie jinsi binti yake alivyomlaza juu ya mlima akaamka mawinguni. Nilishayasikia maneno hayo kichwani kabla hata ya kulipia gari.

Mama Espérance alijaribu kunishtua siku nilipokwenda kuchukua mablanketi kwake.

"Beatrice, na Mama atalala wapi?"

"Ndani ya gari. Kuna vitanda vinne."

"Na mukwe wake je?"

"Gari si nyumba, Mama Espérance. Hata kwenye basi la kwenda Nairobi watu wanasinzia na wakwe zao."

"Ye mwenyewe ulimuuliza?"

"Nataka iwe surprise."

"Surprise ya kulala? Eh, bon." Akanipa mablanketi, akaongeza na mto mmoja ambao sikuuomba.

Tukatoka Jumamosi asubuhi. Nyanya yako alikaa nyuma nami, akaimba nyimbo za kanisa mpaka Shrewsbury. Nilimmiminia chai kutoka kwenye chupa, akakataa. Nikampa maji, akasema baadaye. Nikadhani ni furaha ya safari. Nesi mzima, ninayewahesabia wagonjwa maji wanayokunywa kutwa nzima, sikujiuliza kwa nini mama yangu hanywi.

Tulifika saa kumi. Alishuka, akauona mlima, akafungua kitambaa chake cha kichwa na kukifunga upya kama mtu anayeingia kanisani. "Asante Mungu," akasema, kisha akawacheka kondoo wa Wales kwa vile walivyo wanene. Nilivimba kichwa. Nikaingia garini, nikakunjua meza, nikatandika shuka, nikamwita aone.

"Hapa ni pa nani?"

"Pako, Mama."

"Na mkwe wangu?"

Nikamwonyesha kitanda cha juu, pamoja na pazia. Aliliangalia hilo pazia, halafu akanitazama mimi, halafu akashuka. "Wacha nipunge hewa kidogo," akasema, akaketi kwenye kiti cha kukunja akiuelekea mlima.

Saa moja ikapita. Baba yako alikuwa upande wa pili wa gari akikagua tairi. Sijawahi kuona tairi likikaguliwa hivyo. Mvua ikaanza, ile ya Wales isiyo na haraka. Nikamwita mama, akajibu niko sawa. Nikamwita baba yako, Wycliffe, akajibu niko sawa. Hebu nione nilivyokuwa, Neema: mama yangu ananyeshewa upande huu, mume wangu ananyeshewa upande ule, kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi ya kuingia, na mimi niko katikati na sahani tatu za chapati, nimekasirika kwamba mchuzi unapoa.

Nikatoka na hasira zangu. "Mama, ingia! Huku hakuna mtu wa kwetu anayetuona."

Hakupandisha sauti. "Na mimi ni mtu wa wapi?"

Akaendelea taratibu, maji yakimtiririka usoni. "Tangu asubuhi sijanywa kitu, kwa sababu choo kiko mahali mkwe wangu atanisikia. Mlima ni mzuri, Beatrice. Nimeuona, nimeshukuru. Lakini ulipokuwa ukichagua hapa, ulikuwa ukimchagulia nani? Nirudishe kwa Espérance."

Zilikuwa zimebaki siku tisa apande ndege. Siku tisa na mama yangu, na alikuwa akiniomba nimrudishe kwa mtu mwingine. Nililia pale pale, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mjamzito, mwiko mkononi.

Ndipo baba yako akasema kutoka nyuma ya gari, "Beatrice, mwambie Mama mimi nitalala kwenye nyasi. Ninyi mlale ndani."

"Mwambie mkwe wangu," mama akajibu, "hatalala kwenye mvua kama mbwa kwa sababu yangu."

Kila mmoja alikuwa hatua nne tu kutoka kwa mwenzake na walisikiana vizuri kabisa, lakini ilibidi maneno yapitie kwangu. Nikayapeleka na kuyarudisha huku nalia, na katikati ya kazi hiyo nikajikuta nacheka, na mama naye midomo ikaanza kumcheza.

Mwenye shamba, bibi mmoja mwenye mabuti ya mpira, alikuja kuona kuna nini. Nilimwambia kwa kifupi kwamba mama yangu na mume wangu hawawezi kulala mahali pamoja, ni heshima yetu. Hakuuliza swali hata moja. "Well, she can't sit out here, love," akasema, kwamba mama hawezi kuachwa nje hivi, akaenda nyumbani kwake akapiga simu kambi ya bondeni. Kilikuwa kimebaki kibanda kimoja. Tuliteremka kabla ya giza, maana Agosti huku jua huchelewa kutua.

Kambi yenyewe ilikuwa mbaya kama picha yake. Malori yalipita, watoto walipiga kelele kwa baiskeli, hewa ilinuka vitunguu vya kukaanga, na mlima wote ulikuwa umejificha nyuma ya jengo la vyoo. Nyanya yako alipewa kibanda chake, kitanda, taa, na ufunguo. Alikwenda kuoga upande wa wanawake, akarudi amejipaka mafuta, akanywa vikombe vitatu vya chai bila kupumzika. Asubuhi alinituma nimpelekee mkwe wake chapati alizozikanda mwenyewe, na alipomwona ng'ambo ya uwanja akampungia mkono. Tulikaa siku tatu. Kila siku tulipanda na gari kuangalia milima, na kila jioni tulirudi kwenye vitunguu vyetu. Sijawahi kumwona mama yangu akicheka hivyo.

Alifariki ukiwa darasa la pili, na ni kweli hakurudi tena. Nilipokwenda mazishini, wazee wa kwetu walinizunguka. Nikadhani wataniuliza habari za milima. Shangazi yangu mkubwa akasema, "Wewe ndiye uliyempa mama yako nyumba yake kule Ulaya, akafunga kwa ufunguo?" Hiyo ndiyo habari aliyokuwa akiwasimulia miaka yote. Ilinibidi nitoke nje nikalie peke yangu.

Sasa, mwanangu, baba mkwe wako anakuja kutoka Uvira, kule Kongo, mwezi wa sita, nawe umeniandikia, "Mum, which one has the best view?" Ipi yenye mandhari nzuri zaidi, mimi sijui. Mpigie simu umuulize yeye atalala wapi, na kama ni vigumu kwako kumuuliza, mume wako amuulize. Akisema popote patamfaa, muulizeni mara ya pili, kwa sababu jibu la kwanza la mzee ni adabu tu. Kisha waulize wenye kambi choo kiko hatua ngapi na njia yake ina mteremko kiasi gani. Uliza kama kuna chumba au hema ambamo atakuwa peke yake. Mahali mtu atakapolala usimfanyie surprise. Ukishayajua hayo yote, ndipo uangalie picha, na kama iliyobaki ina pipa la taka, lipia hiyo hiyo.

Mungu awatangulie kwenye kona zile za milimani, azishike breki zenu, awape jua angalau siku moja. Akulinde wewe na mumeo na huyo mzee mnayembeba. Na siku atakaporudi Uvira, watu wakimuuliza aliona nini Ulaya, awaambie aliona binti.