Mdomo Ndani ya Mgunga

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Kyuso, nakunywa chai ya asubuhi, nikasikia dirisha linabishwa: ko, ko, ko. Alikuwa ndege hondohondo, anapigana na sura yake mwenyewe kwenye kioo. Watoto wangu walicheka sana. Mimi niliweka kikombe chini, na acha nikuambie kwa nini.

Utotoni kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege katika shamba la mtama la nyanya yangu. Kwelea wana midomo mifupi, minene, ya kuvunja punje, na ukizubaa kidogo tu suke linabaki makapi. Siku moja nilirusha jiwe kwa kombeo bila kuangalia, likampata na kumuua hondohondo dume aliyekuwa anapita na panzi mdomoni.

Nyanya alimtazama yule panzi. Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi.

"Huyu alikuwa anapelekea bibi yake na watoto chakula," alisema. "Ako ndani ya ile mti, amejifungia na matope nyoka isiingie. Sasa ni wewe utamlisha."

Kweli, kwenye shina la mgunga palikuwa na ufa mwembamba, na katika ufa huo mdomo mwekundu uliopinda, peke yake, kana kwamba mti umeota mdomo. Nilipousogezea panzi ulinidunga kidole hadi damu. Panzi wa pili ulimpokea taratibu, kwa ncha, kama nyanya akichambua pojo. Huko ndani vifaranga walilia kwa sauti nyembamba.

Nilimlisha siku nne. Ya tano wasichana wa jirani walikuja na kamba ya kuruka, na ya sita pia. Kila jioni nyanya aliuliza, "Umemlisha?" Nami nikajibu, "Ndiyo, nyanya."

Siku ya saba nilirudi mbio. Mdomo ulikuwa bado umechomoza. Nikauwekea panzi. Akatembea juu yake polepole mpaka kwenye ncha, akaruka zake. Ndani kulikuwa kimya.

Jioni ile nyanya aliuliza tena, nikajibu vilevile.

Mgunga ulishageuzwa makaa. Nyanya amezikwa nyuma ya nyumba, na sikuwahi kumwambia, jambo linaloniuma hadi leo. Basi wiki iliyopita, watoto walipotoka nje, nilifungua dirisha, nikanyoosha kidole chenye kovu. Hondohondo aliacha kubisha, akauangalia mkono wangu. Sikuwa na kitu mkononi.