Moto wa Kuomba

Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji hainipiti hivi hivi. Hata leo, mjukuu wangu akizima jiko kwa kikombe cha maji, pua inanirudisha Ifakara, miaka ya hamsini, kwenye mafiga ya mama yangu, alfajiri, umande ukidondoka kutoka kwenye nyasi za paa na harufu hiyo imejaa nyumba nzima.

Nilizaliwa mdomo wa juu umepasuka hadi puani. Nyumbani hilo halikuwa jambo. Nilikuwa Dafroza tu, mwenye maneno mengi kuliko wote. Nje ndiko kulikokuwa na macho. Nakuambia msomaji wangu, jicho la mtu linauma. Tusi unaweza kulijibu, lakini anayekukodolea hajasema neno, sasa utamjibu nini? Nikawa nafunika mdomo kwa kipande cha kanga, na shule ilipokaribia nikatangaza kwamba siendi.

Mama hakubishana nami. Ila tangu siku hiyo moto wetu ukaanza kuzimika. Kila asubuhi alinipa kigae akanituma kwa jirani kupalia makaa, kama watoto wote walivyotumwa enzi zile, kiberiti kikiwa kitu cha kubania. Na kila mara nyumba nyingine: leo kwa wavuvi, kesho kwa mwenye duka. Kigae chenyewe kilikuwa kikubwa, cha kubebwa kwa mikono miwili kwenda na kurudi, kwa hiyo kanga yangu ilikosa wa kuishika. Nilifika mlangoni uso wazi, na adabu ikanitaka niamkie kwanza.

Mwanzoni walinitazama mpaka nikasahau nilichotumwa. Watoto waliacha uji. Lakini shikamoo lazima iitikiwe, na aliyeitikia huuliza kama mama hajambo, na ndege wameubakiza mpunga wenu? Nikawa najibu. Macho yakapungua taratibu, na baadaye wakaanza kunitania kwamba kwetu hatujui kulaza moto.

Asubuhi moja nilimkuta jirani yetu Mama Kalista ana wageni kutoka Malinyi. Nikawaamkia. Walinikodolea wote, na mama mmoja akainama kabisa anione vizuri. Nikatazama chini. Mama Kalista alikuwa akinichagulia makaa. Hakuinua hata kichwa.

"Huyo ni Dafroza wetu," alisema. "Amewaamkia, nanyi bado hamjaitikia."

Yule aliyeinama ndiye aliyeanza: marahaba, mwanangu. Kisha akaniuliza habari za nyumbani, nami nikamweleza kwa kirefu, maana maneno sikuwa nimepungukiwa. Nilirudi nimeinua uso, joto la makaa likinipanda mashavuni, najiona mkubwa kuliko njia yenyewe. Shule ilipofunguliwa nilikwenda. Wengi mle darasani walikuwa watoto wa nyumba nilizoomba moto, na mgeni aliponishangaa, wao ndio waliomwambia aache.

Nilipoolewa nikapata jiko langu, ndipo nilipojua kwamba gogo la mkwaju likifukiwa vizuri kwenye majivu hulala na moto hadi asubuhi. Halizimiki lenyewe. Na mama yangu hakuwa mwanamke wa kushindwa kulaza moto. Hapo nikaikumbuka harufu ile. Kila alfajiri, kabla sijaamka, alikuwa akiumwagia maji moto wake mwenyewe, kisha ananiamsha nikaombe wa watu. Nilikaa pale mafigani nikajivunia mama yangu hadi machozi.