Tui Kichwani Siku ya Kumwosha Bibi

Msomaji wangu, nisikilize kwa upole, maana mjinga wa kisa hiki ni mimi. Nywele zangu ni za mawimbi, na zikipata unyevu wa pwani hufumuka zote. Bibi ndiye aliyezituliza, kwa mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe.

Dereva wa lori la korosho alinikuta alfajiri katika kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Kiswere. "Bibi yako katutoka. Wanakungoja Kivinje umwoshe."

Sikutaka kumuaga na kichwa kilichofumuka. Duka la kijiji halikuwa na mafuta, basi nikajipaka tui bichi, nikajifunga kanga, nikapanda lori. Jua lilitupiga njia nzima.

Nilipoingia alipolazwa Bibi, nzi waliingia nami. Mama mdogo akanusa.

"Marehemu hanuki," akasema taratibu. "Ni kichwa chako, mwanangu. Kaoge kwanza."

Niliporudi, sanda ilikwisha kufungwa. Uso wake sikuuona tena.

Wewe usipake tui bichi. Lichemshe kwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge, yachuje, kisha upake kidogo nywele zikiwa bado na maji.