Bakuli Lililorudi Limeoshwa

Nosrat alikuwa mjane wa Hamadan, mtaa wa nyuma ya soko la ngozi, na kazi yake ilikuwa kusugua wanawake hamamuni. Mtu akishalala kifudifudi huku unamtoa nongo mgongoni, siri gani tena atakuficha? Nosrat alijua nani ana mimba, nani anapigwa na mumewe, nani ameuza bangili za mkwewe kimya kimya. Na alichokisikia kwa mgongo wa huyu alikitoa kwa mgongo wa yule. Hakuwa mbaya, la. Mdomo wake ulikuwa hauna komeo, basi.

Majira yale ya baridi, Shah, mfalme wao, alipokuwa akiyumba kitini, Nosrat alipata siri moja ya kumfunga mdomo. Mwanawe wa pekee, Yadullah, alitoroka jeshini. Ilikuwa mwezi wa Muharram, misikitini masheikh wamekwisha kusema kwamba askari asiwapige risasi ndugu zake, naye akaruka ukuta wa kambi akaja nyumbani kwa kupitia mapaa ya majirani. Nosrat akamficha katika chumba cha akiba, nyuma ya mitungi ya achari. Jeshi likimpata, hukumu ni risasi. Kwa hiyo mama wa watu alilala na neno moja na kuamka nalo: nani atatuchongea?

Maana wakati ule kila mtu alimwona mwenzake Savaki, yaani mpelelezi wa Shah. Mwenye miwani myeusi, Savaki. Mgeni mtaani, Savaki. Asiyesema kitu, Savaki huyo. Na yule anayemtukana Shah kwa sauti kubwa kupita wenzake, ndiye Savaki hasa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na kila mmoja akawa anajipekua nguo.

Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bwana Iskandari, karani wa posta, mtu wa Langarud, huko kaskazini kwenye bahari. Alikaa peke yake, alinyoa ndevu, alifunga tai hata siku za theluji, na mlango wake ukifunguliwa hutoka harufu ya samaki na kitunguu saumu. Salamu yake ilikuwa fupi. Sasa jamani, mwanamume asiye na mke wala watoto, anayeshika barua za watu mchana kutwa, akirudi nyumbani anasikiliza redio kwa sauti ya chini! Nosrat hakumpenda, lakini kutompenda mtu si ushahidi.

Ushahidi aliupata siku ya arobaini ya Imamu Huseini. Shah alikuwa amekwisha kupanda ndege siku chache nyuma, ila jeshi lake lilikuwa bado lipo na bado linasaka watoro. Nosrat alipika nadhiri, wali mtamu wa zafarani na maji ya waridi, ili Mungu amnusuru mwanawe, akapeleka bakuli kwa kila jirani. Bakuli la nadhiri, kwao, aliyepelekewa haoshi. Hulirudisha na mabaki yake, ametia kipande cha sukari au jani bichi, baraka irudi nyumbani ilikotoka. Kuliosha ni kama kumwambia mwenye nadhiri, baraka yako nimeimwaga mferejini.

Bakuli la Iskandari lilirudi tupu, limesuguliwa likang'aa.

Nosrat aligeuza bakuli lile huku na huku. Muislamu gani asiyejua hili? Basi huyu si mwenzetu, ametumwa. Kesho yake hamamuni, neno la mwanawe hakulitoa, ila la bakuli alilitoa, tena kwa chumvi. Mpaka adhuhuri, midomoni mwa watu, bakuli lilikuwa limekwisha kutemewa mate, na jioni Iskandari alikuwa amewalisha wali ule mbwa. Mwanamke mmoja, mke wa fundi viatu, akasema akijifunga kanga yake ya hamamu, "Shoga, lisemwalo lipo. Kama halipo, laja."

Na likaja. Wiki ile ile gari la jeshi lilisimama mbele ya duka la mkate. Nosrat akachungulia nyuma ya pazia. Akamwona Iskandari anapita na mkate wake kwapani, ofisa akamwita, wakazungumza. Kisha Iskandari akainua mkono akaonyesha mlango wa Nosrat. Akauonyesha, wallahi, kwa kidole! Askari wakautazama mlango, wakapanda gari, wakaenda zao.

Nosrat akaachia pazia. Wameenda kuongeza watu, akawaza. Akamvisha Yadullah shela lake jeusi, akamkokota kama binti mgonjwa hadi kwa mama yake mdogo, upande wa pili wa mji. Alirudi akaketi kuwangoja askari. Hawakuja. Mwingine angejiuliza kwa nini, lakini Nosrat alijiambia, wanangoja mtoto arudi, wajanja hawa. Na hamamuni sasa alikuwa na jipya la kusema: nimemwona kwa macho yangu haya, anawaonyesha askari nyumba za watu.

Kisha kambi za jeshi zikaangukia mikononi mwa wanamapinduzi. Peremende ziligawiwa barabarani, madereva wakawasha taa mchana, ufalme wa miaka na miaka ukaisha mtu bado anatafuta kiatu chake. Yadullah alitoka mafichoni na ndevu na bunduki, akaingia kamati ya msikiti wa mtaa. Nosrat alilia kwa furaha mpaka sauti ikamkauka.

Jioni moja Yadullah alikuja kula, mchangamfu, akamwambia wamemkamata jirani, na kesho mahakama ya mapinduzi inamhukumu. Nosrat akauliza mashahidi ni nani. Akatajiwa: mke wa fundi viatu, binti wa muuza makaa, na wengine wawili, wote wamekula kiapo. Wote, Nosrat alikuwa amewasugua kwa mkono wake. Akarudisha tonge sahanini. Hata hivyo alijikaza. Si kidole alikiona mwenyewe?

Asubuhi akaenda kwa Mashdi Rajab, muoka mkate, aliyekuwa mlangoni pake siku ile gari liliposimama. Alitaka kusikia neno la kumtuliza tu.

"Nilisikia yote," Mashdi akasema, akipunguza sauti. "Walimuuliza kuhusu kijana wako. Akawaambia, nimemwona stesheni akipanda basi la Kermanshah, na mama yake yule pale, nyumba ile, analia tangu juzi, mwacheni."

"Akasema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na alijua mwanao yumo, dada. Ukuta wenu ni mmoja, na mwanao anakohoa."

"Na lile bakuli?"

"Bakuli gani? Aa, lile! Huko kwao pwani, kurudisha chombo kichafu ni tusi. Maskini, alikuja kuazima majivu kwangu alisugulie."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe huwa unasema, dada Nosrat. Huulizi."

Alimsihi waende pamoja wakaseme. Mashdi akatazama unga mikononi mwake, akajibu kwamba ana watoto, na siku hizi nani anamtetea mwenye tai, vazi la watu wa Shah.

Akaenda peke yake. Yadullah alikuwa chumba cha pembeni ya msikiti pamoja na wenzake wawili. Nosrat alisema yote mbele yao, hakuficha, huku uso ukimwaka kwa aibu: kwamba mashahidi wote ni mdomo wake yeye, na kwamba mtu yule ndiye aliyemwokoa Yadullah.

"Alionyesha nyumba yetu, hakuonyesha?" Yadullah akauliza.

"Alionyesha. Lakini..."

"Nani ameyasikia hayo mengine?"

Jina la Mashdi lilimfika ulimini, akalimeza. Alikwisha kuona majina yanakwenda wapi.

Yadullah akawaomba wenzake watoke. Akafunga mlango, akasimama mbali naye kidogo.

"Kwa hiyo alijua nimo ndani. Siku zote zile alijua, na hakusema."

"Hakusema, mwanangu. Ndiyo nakwambia."

"Mtu hanyamazi bure, mama." Hakumtazama usoni. "Wewe mjane, yeye hana mke. Ulimpa nini?"

Nosrat alimpiga kofi. Yadullah hakushika hata shavu. Alimtazama tu, kama mtu aliyepata jibu, akawaita wenzake wamsindikize bibi huyu nyumbani.

Iskandari alipigwa risasi kabla ya Ijumaa. Yadullah alihamisha vitu vyake kwa mama yake mdogo, na huko, walipomuuliza kwa nini ameondoka kwa mzazi wake, alijibu kwamba ana sababu zake.