Mkutano Tuliouitisha Siku za Giza

Dagaa wanaoanza kukauka wana harufu chachu inayopanda hadi kwenye meno. Nikiipata sokoni, husimama. Wauzaji hudhani nachagua mafungu. Kumbe niko mwaloni Ujiji, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, nimevaa sare ya kidato cha tatu, na safu za viti vya plastiki zimenikodolea macho bila mtu.

Mwaka ule shule yetu iliingizwa kwenye mafunzo ya uongozi kwa vijana. Kila Jumamosi mwezeshaji wetu, Kaka Yona, alitufundisha kusimama wima, kutazama watu machoni na kusikiliza kabla ya kujibu. Mwishoni kila kundi lilitakiwa kukaa na watu wa mtaani na kukubaliana nao jambo moja la kufanya pamoja. Sisi tulitaka kujenga vichanja, ili kina mama wa mwaloni waache kuanika dagaa mchangani. Mimi wa Katubuka, mtaa ulio mbali na mwalo, nilichaguliwa mwenyekiti, nadhani kwa sababu ya sauti yangu kubwa.

Lakini mwenye cha kupoteza alikuwa rafiki yangu Asha. Alilelewa na shangazi yake, Bi Tatu, mwanika dagaa, naye alikuwa amemwambia waziwazi: "Kila Jumamosi unanikimbia. Huo uongozi nisipouona kwa macho yangu, utarudi mchangani unisaidie."

Siku ya mkutano tuliipanga Asha hayupo, na hapo ndipo tulipokosea. Dagaa huvuliwa kwa taa, mwezi ukiwa haupo. Ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, na mwalo mzima hupata nafasi. Sisi wa Katubuka wenye umeme, mwezi tuliutafuta Idi ikikaribia tu, tujue lini majirani wataleta pilau. Tukaangukia katikati ya siku za giza, asubuhi ambayo mitumbwi ilikuwa imerudi imejaa.

Basi nikasimama wima, nikavitazama viti machoni. Kina mama walikuwa pale pale karibu, wameinama wakitandaza dagaa.

"Mwakeye, mwenyekiti!" mmoja akanisalimu kwa Kiha. "Hivyo viti vinaitikia?"

Mwalo mzima ukaangua kicheko. Kaka Yona akakohoa. Asha hakucheka. Alimtazama shangazi yake, akavua viatu, akafunga kanga juu ya sare na kwenda kuinama katikati yao.

"Umefuata nini?" Bi Tatu akamuuliza.

"Mkutano, shangazi. Si mko wote hapa?"

Akaanza kutandaza huku akiuliza: nani mgongo unamsumbua, mvua ya juzi iliharibu dagaa wa nani. Wakamjibu bila kuinua vichwa. Nasi tukaacha viti tukamfuata, tukakanyaga dagaa, tukatukanwa kidogo. Mara wingu jeusi likavuka ziwa kutoka upande wa Kongo. Maturubai hayakutosha. Kaka Yona mwenyewe akakimbia kung'oa bango letu la kitambaa lililoandikwa VIONGOZI WA KESHO, tukazoa dagaa na kuwamimina humo.

"Viongozi wa kesho, bebeni leo!" Bi Tatu akapiga kelele.

Tukajibanza kwenye kibanda cha mafundi mitumbwi, tumelowa, tunanuka. Humo ndimo mkutano ulimofanyika. Kina mama walitupa eneo na nyavu chakavu, sisi tukaahidi miti na mikono. Mbalamwezi ilipofika tukajenga. Bi Tatu hakumsifu mtu. Alimwambia Asha tu, "Kwenye mafunzo yako nenda. Ila upite kwanza unywe chai."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba yule mama alikuwa mgumu, na kwamba siku ile tulimshinda.

Asha tumeshamzika. Msibani nilikaa jamvini kando ya shangazi yake, na tulipokumbuka lile bango tukacheka chinichini, machozi yakitutoka. Ndipo aliponiambia, akinyoosha ukingo wa kanga yake, "Vichanja nilivitaka zamani, Neema. Niliogopa mtoto akishajua kuongea na wakubwa, ataona haya kuongea na mimi. Alipoinama pale, nikajua bado ninaye."

Binti yangu ameanza sekondari. Hurudi nyumbani na maneno ambayo mimi sikuwahi kufundishwa. Namuuliza maana yake, kisha nangoja kuona kama atanijibu au atacheka. Hadi leo bado ananijibu.